Kwa nini tovuti zinakataa kompyuta zetu za zamani? Historia fupi ya kufuli la intaneti

Tumezoea kuandikiana historia ya vita, ya safari na ya mipaka. Safari hii tunaandika historia ya kitu kidogo sana: ile picha ya kufuli inayokaa pembeni ya anwani ya tovuti. Wengi wetu tumeiona kila siku na hatujawahi kuuliza ilitoka wapi.

Sisi wenyewe tulianza kuuliza tukiwa nyumbani kwa familia moja hapa Kakuma. Wana kompyuta ya mezani ya mtumba, ya Windows 7, inatumia umeme wa sola, na imefunikwa kitambaa vumbi lisiingie. Binti yao amemaliza kidato cha nne na alama nzuri. Zilikuwa zimebaki siku mbili fomu ya ufadhili wa masomo ifungwe, na fomu yenyewe ilikuwa mtandaoni tu. Akaja kutuita sisi wajitolea wa kompyuta.

Tulichokikuta ni hiki. Tovuti kadhaa zilifunguka kawaida. Nyingine zilileta onyo kwamba cheti cha tovuti kina tatizo, na chini yake maandishi madogo ya kubonyeza ukitaka kuendelea. Ile ya fomu haikuleta hata onyo, ilisema tu kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Intaneti ilikuwepo, bando lilikuwepo. Baba wa nyumba akasema, "Wanangu, hii mashine imekufa. Afadhali niiuze ninunue mbuzi."

Hatukuwa na jibu. Tulizima, tukawasha, tukazima tena, mpaka betri ya sola ikaisha. Fomu ilijazwa kesho yake usiku kwa simu ya kuazima yenye skrini iliyopasuka, saa chache kabla ya kufungwa. Aliwahi, tunamshukuru Mungu. Lakini tulirudi nyumbani na aibu, tukaanza kusoma. Kumbe mashine haikuwa imekufa. Dunia ilikuwa imebadilisha makufuli, na hakuna aliyewaambia wenye mashine za zamani.

Mwanzo: intaneti bila mlango

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilichoko Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyo kwenye kompyuta mbalimbali. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ya wavuti ni ya watu wote, bila malipo. Ilikuwa zawadi kubwa, ila haikuwa na mlango wala kufuli. Kutuma kitu mtandaoni wakati huo ilikuwa kama kuandika karatasi, usiikunje, ukampa dereva wa lori, naye akampa mwenye duka, naye akampa mtoto aipeleke. Kila mkono unaopita unaweza kuisoma, na ukitaka, kuongeza neno lake.

Watu walipotaka kufanya biashara humo, wasiwasi ukaanza. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape, iliyotengeneza brauza maarufu ya siku hizo, ilitoa kufuli la kwanza lililotumika kwa wingi, likiitwa SSL. Mwaka 1996 likaja SSL 3.0. Mwaka 1999 kazi hiyo ilishachukuliwa na wataalamu wa viwango vya intaneti, na kufuli likapewa jina jipya, TLS. Tovuti yenye kufuli hili anwani yake inaanza na HTTPS.

Kufuli lina kazi mbili. Ya kwanza ni kufunga bahasha ili wa njiani asisome. Ya pili sisi wakimbizi tunaielewa kuliko watu wengi: ni kuhakikisha kwamba uliyefika kwake ndiye mwenyewe. Tovuti inaonyesha cheti. Cheti kina jina, kina muhuri wa aliyekitoa, na kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako inafanya kazi ya askari wa getini: anaangalia jina, anaangalia tarehe, kisha anafungua daftari lake la mihuri anayoitambua. Kama muhuri haumo kwenye daftari, hukupita, hata kama karatasi yako ni halali kabisa. Nani kati yetu hajawahi kurudishwa getini na karatasi halali?

Hilo daftari la mihuri mlikumbuke, tutalirudia.

Kwa nini kufuli likawekwa kila mahali

Kwa miaka mingi kufuli lilikuwa la benki na maduka. Tovuti nyingine zilifunga ukurasa wa kuandikia paswadi tu, na nyingine hata huo hazikufunga. Mambo manne yalibadilisha hali hiyo, na yote yalitokea ndani ya miaka mitatu hivi.

La kwanza, Oktoba 2010. Mmarekani mmoja, Eric Butler, alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep ya kuwekwa kwenye brauza ya Firefox. Ukikaa kwenye mgahawa wenye waifai ya wazi, Firesheep ilikuonyesha majina ya watu walioingia Facebook au Twitter hapo karibu yako. Unabonyeza jina, unaingia kwenye akaunti yake. Butler alisema ameitoa ili kampuni zione aibu zifunge milango. Watu wengi waliogopa, na walikuwa na haki.

La pili lilitokea Afrika. Tarehe 17 Desemba 2010 Mohamed Bouazizi, kijana mchuuzi wa Sidi Bouzid, Tunisia, alijichoma moto, na maandamano yakaenea. Vijana walisambaza video kwa Facebook. Mara akaunti zikaanza kuibwa na kufutwa. Ikagundulika kwamba kurasa za kuingilia za Facebook, Gmail na Yahoo zilikuwa zinapenyezewa mistari ya kodi zikiwa njiani ndani ya nchi, na ukiandika paswadi inachukuliwa. Iliwezekana kwa sababu kurasa hizo zilikuwa zinasafiri bila kufuli. Januari 2011 Facebook iliwapitisha watumiaji wote wa Tunisia kwenye HTTPS. Rais Ben Ali alikimbia nchi tarehe 14 mwezi huohuo.

La tatu ni la mwaka huo huo wa 2011. Kampuni moja ya Uholanzi, DigiNotar, kazi yake ilikuwa kugonga mihuri ya vyeti. Wezi waliingia ndani wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimojawapo cha Google. Cheti hicho kilitumika kuwapeleleza watu wa Iran: uchunguzi ulikuta anwani za mtandao zipatazo 300,000, karibu zote za nchi hiyo. Brauza zikaufuta muhuri wa DigiNotar kwenye madaftari yao, na Septemba kampuni ikafilisika. Tangu hapo ikajulikana kwamba lile daftari la mihuri si kitu cha kuandika mara moja na kusahau. Lazima lisahihishwe kila wakati.

La nne, Juni 2013, Edward Snowden alitoa siri za jinsi serikali ya Marekani inavyokusanya mawasiliano ya watu duniani. Baada ya hapo hakuna aliyebishana tena kama kufuli linahitajika.

Mtaona wenyewe, watu waliofanya kufuli lienee si matajiri waliotaka kununua vitabu mtandaoni tu. Walikuwa pia watu wenye kukimbia, wenye kuandamana, wenye kutafutwa. Yaani watu wa aina yetu.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa pesa, maana vyeti vilinunuliwa. Desemba 2015 huduma iitwayo Let's Encrypt ilifungua milango kwa watu wote, ikitoa vyeti bure, vya siku 90 kila kimoja. Mapema mwaka 2017 takwimu za Firefox zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kurasa zinazofunguliwa zina kufuli. Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika "si salama" kwenye kila tovuti isiyo nalo.

Makufuli yabadilishwa, na watu wabaki nje

Tatizo la kufuli ni kwamba wezi nao wanasoma. Oktoba 2014 watafiti wa Google walionyesha njia ya kuvunja SSL 3.0, wakaipa jina POODLE. Ikabidi litupwe. Mwaka huohuo, tarehe 8 Aprili, Microsoft ilikuwa imeacha kuitunza Windows XP, mfumo wa mwaka 2001 ambao bado ulikuwa kwenye mashine nyingi za mtumba.

Kisha ukaja mjadala ambao tungependa kila mfanyakazi wa shirika aujue. Mihuri ya vyeti ilikuwa inalindwa na hesabu iitwayo SHA-1, na wataalamu waliona itavunjwa. Wakaamua kwamba kuanzia Januari 2016 visitolewe vyeti vipya vya SHA-1. Kompyuta zenye XP isiyo na kifurushi cha tatu cha marekebisho, na simu nyingi za zamani, hazikuweza kusoma hesabu mpya. Desemba 2015 Facebook na Cloudflare wakapaza sauti. Cloudflare ilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 37 watafungiwa nje, na miongoni mwa nchi zitakazoumia zaidi ikazitaja Kameruni, Yemen, Sudan na Misri. Wakapendekeza mashine za zamani ziendelee kupewa cheti cha zamani, mpya zipewe kipya. Sheria haikubadilishwa. Tarehe 23 Februari 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha faili mbili tofauti zenye alama moja ya SHA-1. Yaani kweli ilikuwa imevunjika. Waliotaka kufunga mlango walikuwa na haki. Waliosema kuna watu nje nao walikuwa na haki.

Baada ya hapo mlango ukaendelea kufungwa, kitasa baada ya kitasa. Chrome iliiacha XP mwaka 2016. Oktoba 2018 Apple, Google, Microsoft na Mozilla walitangaza kwa pamoja kwamba makufuli ya TLS 1.0 na 1.1 yataondolewa mwaka 2020, yabaki TLS 1.2 ya mwaka 2008 na TLS 1.3 iliyotoka 2018. Tarehe 14 Januari 2020 Microsoft ikaacha kuitunza Windows 7. Mwisho wa mwaka huo Adobe Flash nayo ikazikwa, pamoja na masomo mengi na michezo iliyotengenezwa kwayo. Mapema mwaka 2023 Chrome 109 ikawa ya mwisho kwa Windows 7. Windows 10 nayo ilifikiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Tarehe 30 Septemba 2021 iliwashangaza wengi. Let's Encrypt ilipoanza ilikuwa mgeni, hakuna daftari lililokuwa na muhuri wake. Kwa hiyo ilidhaminiwa na muhuri wa zamani uliojulikana, kama mgeni anavyodhaminiwa na mwenyeji. Siku hiyo muhuri wa mwenyeji uliisha muda. Mashine zilizokuwa zimeandika muhuri mpya daftarini hazikuona kitu. Zile ambazo hazijasasishwa miaka mingi ziliamka asubuhi na kukuta tovuti zilizofunguka jana zimekataa, bila mtu kugusa chochote.

Tuseme na jema pia. Machi 2020 Firefox ilikuwa tayari imezima TLS 1.0 na 1.1. Korona ilipoenea, Mozilla iliziwasha tena kwa muda, kwa sababu baadhi ya tovuti za serikali zenye habari za ugonjwa zilikuwa bado na makufuli hayo, na watu walihitaji kuzisoma. Zikazimwa tena katikati ya mwaka. Let's Encrypt nao waliomba mwenyeji wao awadhamini miaka mitatu zaidi kwa ajili ya simu za Android za zamani. Kumbe inawezekana kumfikiria aliye nje bila kulivunja kufuli.

Tulirudi kwenye ile kompyuta

Tukiwa na historia hii kichwani, tulirudi kwa ile familia. Baba alikuwa bado hajapata mnunuzi. Safari hii tulijua pa kuangalia.

Kwanza tuliangalia saa. Ilisema ni Januari 2009. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama sarafu, ya CR2032, inayotunza saa mashine ikizimwa. Ilikuwa imekufa, na kwa kuwa wao huzima kila jioni kulinda sola, kila asubuhi saa ilirudi 2009. Kwa askari wa getini, vyeti vyote vya leo vilikuwa vya siku zijazo. Ndiyo maana yale maonyo yalijaa. Tulibadilisha betri, tukarekebisha tarehe, na maonyo mengi yakaisha hapohapo. Fikirieni, kitu kidogo hivyo.

Lakini ukurasa wa fomu bado ulikataa. Walikuwa wanatumia Internet Explorer 8 iliyokuja na mashine. Hiyo TLS 1.2 inayo, lakini imezimwa tangu kiwandani, na mwenye mashine hajui. Tovuti ya fomu inakubali TLS 1.2 kwenda juu. Hapo hakuna onyo la kuvuka, kwa sababu pande mbili hazina kufuli la pamoja hata la kuanza kuongea. Tungeweza kuiwasha kwenye mipangilio, ila daftari la mihuri nalo lilikuwa la zamani. Tukapakua Firefox 115 kwenye mashine nyingine, kutoka tovuti ya Mozilla yenyewe, tukaileta kwa flashi. Firefox inabeba kufuli lake na daftari lake la mihuri, haitegemei ya Windows. Tukafungua tovuti ya ile fomu. Ikafunguka. Mama wa nyumba alicheka, baba akanyamaza, halafu akauliza kama mbuzi bado anaweza kupatikana.

Tuliwaambia ukweli pia. Windows 7 haitunzwi tena, kwa hiyo mambo ya pesa wasiyafanye humo, na siku moja hata hiyo Firefox itafungiwa nje. Kama mashine ni ya biti 64 na ina kumbukumbu ya GB 4, Linux Mint ya bure itaipa miaka mingine. Hilo tumeahidi kulifanya wakishahamisha picha zao.

Kosa letu

Kuna jambo tunaona aibu kulisema, lakini bila hilo historia hii haina maana. Kwa muda mrefu sisi wajitolea tulikuwa tunafundisha dawa moja kwa kila onyo la cheti: bonyeza maandishi madogo, endelea. Ilikuwa haraka, na foleni ilikuwa ndefu. Mwenzetu mmoja tuliyemfundisha hivyo alifika siku moja kwenye ukurasa uliofanana na wa barua pepe yake. Onyo lilitokea. Akalivuka kama kawaida, akaandika paswadi. Akaunti iliondoka, na ndani yake kulikuwa na nakala za karatasi za familia yake. Ndugu zake wa mbali walianza kupokea ujumbe wa kuomba pesa kwa jina lake.

Saa mbovu ilituzoesha kulidharau onyo. Siku onyo lilipokuwa la kweli, hatukulitofautisha. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya mashine kuukuu, kuliko tovuti kutofunguka.

Kwa hiyo, vijana wenzetu, tovuti ikikataa msianze kwa kuvuka. Angalieni tarehe na mwaka kwanza. Kisha angalieni brauza, ni ya lini. Kisha jaribuni tovuti hiyohiyo kwenye simu ya jirani: ikifunguka huko bila onyo, huenda ugonjwa uko kwenye mashine yenu, ikileta onyo huko pia, achaneni nayo, ugonjwa au mwizi yuko upande wa pili. Na programu zipakuliwe kwa wenyewe waliozitengeneza, si kwenye flashi ya kila mtu.

Na ninyi wapendwa wa mashirika, hatuwaombi mpunguze kufuli. Mmeona wenyewe kufuli hilo liliwekwa kwa ajili ya nani. Tunawaomba mambo matatu tu. Kabla ya kutoa fomu, ijaribuni kwenye mashine ya zamani, zipo nyingi, sisi tutawaonyesha. Andikeni mapema, kwa lugha tunayosoma, fomu inahitaji brauza gani. Na acheni njia ya pili, karatasi au dawati, kwa yule ambaye mlango umemkataa siku mbili kabla ya mwisho. Huyo hajachelewa. Amefika na karatasi halali, ila daftari la getini ni la zamani.

Mwenye kompyuta inayosumbua nyumbani asikimbilie kuiuza. Atuite kwanza, tuangalie saa.